Karavani ya Bibi Ruthu

Kwa miaka tisa Lea alifanya kazi ya kupeleka maneno kati ya watu wawili waliosikiana vizuri kabisa. Mama yake, Bibi Ruthu, akiwa amekaa upande huu wa ukuta, angesema, "Mwambie mkwe wangu tumeshukuru kwa sukari." Upande wa pili Ambokile, mume wa Lea, angekohoa kidogo kuonyesha kwamba amesikia. Hata hivyo Lea alipaswa kuzunguka, asimame mbele ya mumewe na kusema, "Mama anashukuru kwa sukari." Ambokile angejibu, "Mwambie mama asijali," na mama angeguna huko aliko kabla Lea hajapiga hatua. Siku moja Lea alichoka, akasimama mlangoni katikati yao na kusema, "Haya, mmesikiana." Mama yake alimnunia mpaka jioni.

Katika ukoo wa Bibi Ruthu ukwe haukuwa mchezo. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, hawakupeana mikono, na kubwa kuliko yote, hawakulala chini ya paa moja. Ambokile alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mkubwa wa maungo na mpole, na kwa kuwa kwao nako wakwe walikimbiana kwa namna yao, hakuhitaji kufundishwa. Akimwona kwa mbali mwanamke aliyejitanda khanga anakuja, aligeuka kutazama mti. Palipokosekana mti alitazama viatu vyake.

Mambo hayo yalikwenda vizuri mpaka zilipokuja mvua za El Niño.

Dodoma haikuzoea mvua ya namna ile. Tembe ya Bibi Ruthu kule Zuzu, yenye paa tambarare la udongo juu ya miti, ilikunywa maji wiki tatu mfululizo, na asubuhi moja ya Januari 1998 paa likashuka lote kwa pamoja. Mwenyewe alikuwa nje anawatoa mbuzi. Mbuzi aliwaachia majirani, akabaki na kigoda, chungu kimoja na kikohozi, na kikohozi ndicho kilichomtisha Lea.

Lea akaenda kumchukua, akamleta mjini, mtaa wa Kikuyu, kwenye nyumba yao ya vyumba viwili. Mama hakuvuka kizingiti. Alipokewa na jirani, Bi Joha, mjane wa Kirangi ambaye uwanja wake ulitengwa na wa Lea kwa ua wa minyaa tu. Hapo akawa analala mkekani, chumba kimoja na wajukuu watano wa Bi Joha, yaani hakuwa analala. Kila siku alisema neno lilelile: "Mvua zikikatika narudi Zuzu kujenga tembe yangu."

Umri wake ulikuwa unakaribia sabini na tano na wanaume wa kumjengea hakuwa nao tena. Lakini akisema ataenda, ataenda. Lea alijua wazi kwamba akirudi kule peke yake na kifua kile, hatauona mwaka mwingine. Basi wakati Dodoma nzima ilikuwa inaomba mvua ikome, yeye alitazama mawingu kila jioni na kuyasihi yakae kidogo. Alimwomba Mungu msamaha kwa hilo, halafu akaendelea kuyasihi.

Katika hali hiyo, Jumamosi moja ya Februari, Ambokile akaja na mzigo. Lea alisikia trekta kabla ya kuliona. Nyuma yake ilivutwa karavani, nyumba ya bati ya kuburutwa na gari, yenye urefu wa chumba na nusu, pembe zake zote za mviringo, imepakwa rangi ya kijivu iliyobabuka. Upande mmoja ulikuwa na tairi. Upande wa pili ulizunguka kwa chuma kitupu na kuchimba mfereji kwenye matope kutoka barabarani mpaka uani.

Ambokile alikuwa fundi bodi. Miaka kumi na miwili alinyoosha mabati ya magari katika karakana ya shirika moja la umma, mpaka shirika likauzwa naye akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Sasa mwenye mali mpya alitaka uwanja usafishwe, na aliyekuwa mtunza stoo, Filipo, aliitwa kukabidhi vitu. Kila kitu kilikuwa na namba yake daftarini isipokuwa karavani ile. Filipo alipekua mpaka madaftari ya mwaka wa Uhuru, hakuiona. Ilikuwapo uwanjani kabla ya mtu yeyote aliyeajiriwa pale. "Kitu kisichokuwamo daftarini hakipo," Filipo alimwambia Ambokile, "na kitu kisichokuwapo siwezi kukuzuia usikichukue."

"Baba Aneth, hiki nini?" Lea alimuuliza mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Karavani. Alumini tupu."

"Ya kuyeyusha?" Wafua sufuria walikuwa wanaitafuta alumini kama dawa, na Lea aliona tayari uwanja wake umegeuka kiwanda.

"Hapana." Ambokile alikuwa anaipapasa ubavuni kwa kiganja. "Ina paa lake yenyewe, Lea. Si paa letu. Mama hawezi kulala humu?"

Lea alikuwa amejiandaa kugomba. Ugomvi wote ukamwishia mdomoni, akaenda kulitafutia trekta mawe ya kuzuia magurudumu.

Kwa Bibi Ruthu habari hazikupokewa kwa vigelegele. "Mwambie sufuria hailaliwi," alisema. "Au mnataka kunipika?" Baadaye, kwa uzito zaidi, akasema paa la mkwe ni paa la mkwe, hata likiwekewa magurudumu.

Wakati huohuo suala la asili ya ile karavani liliusumbua mtaa mzima. Filipo alishikilia kwamba iliachwa na wazungu waliolima karanga Kongwa enzi za ukoloni, na ushahidi wake ulikuwa maganda ya karanga yaliyokutwa chini ya sakafu. Ambokile alimwambia kwamba kwa ushahidi huo kila panya wa Dodoma ni mzungu wa Kongwa. Mzee mmoja aliyewahi kuwapikia wapima madini aliitazama, akasema ndiyo yenyewe waliyokuwa wakilala wapima hao. Siku ya pili akarudi kusema siyo. Ndani ya karavani, juu ya jiko dogo, kulikuwa na kibao cha shaba chenye maandishi. Lea aliyanakili na kuyapeleka kazini kwake Makole, ambako alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali. Ofisini mle walikuwamo waliosoma Urusi, Ujerumani, Bulgaria na Kuba. Kila mmoja aliyasoma kwa makini na kusema kwa uhakika kwamba si lugha ya kule alikosoma.

Jioni hiyo Lea alikaa na mama yake nje kwa Bi Joha.

"Sasa ni ya nani?" Bibi Ruthu aliuliza.

"Hajulikani, mama."

"Mumeo hakuinunua?"

"Hakuinunua wala hakuijenga. Haimo hata kwenye daftari."

"Na msingi?"

"Haina. Imekaa juu ya matofali."

Bibi Ruthu akaendelea kuchambua mlenda, jani kwa jani. "Nyumba ambayo mkwe hakuijenga, hakuinunua, na haikushika ardhi yake," alisema mwishowe, "nitaitazama ikikamilika. Lakini sijasema nimekubali."

Lea alimbebea mumewe jibu hilo kwa mwendo wa haraka kuliko jibu lolote la miaka tisa, japokuwa Ambokile alikuwa nyuma ya minyaa muda wote huo, amesimama na ndoo tupu.

Kazi ilikuwa kubwa. Ambokile aliondoa viota vya nyigu, akang'oa sakafu iliyooza, akaweka mbao za paina. Chini ya rangi ya kijivu alikuta ya samawati, chini ya samawati kijani, na chini ya kijani bati lenyewe, jeupe, halina hata doa la kutu. Ugonjwa wa karavani ile ulikuwa kwenye ribiti, vile vijisumari butu vinavyoshikanisha bati na bati. Ambokile aliziwekea chaki moja moja. Zilizooza zilikuwa mia sita na kitu. Ukizigusa kwa ukucha zilitoa unga mweupe. Za kununua hazikupatikana, kwa hiyo alikata vipande vya waya wa alumini uliochakaa na kuvifua vichwa kimoja kimoja.

Ribiti haifungwi na mtu mmoja. Fundi anaipitisha tunduni na kuigonga kutoka nje, na mtu wa pili anakaa ndani akiikandamizia chuma kizito, ili mkia wake upate pa kujibonyeza. Wawili hao hawaonani, bati liko katikati yao. Wa ndani akishaweka chuma anagonga mara moja: tayari. Fundi akipiga na ribiti ikakaa, wa ndani anagonga mara mbili, wanahamia nyingine. Lea akawa ndiye wa ndani, jioni akitoka kazini mpaka giza liingie, na Jumapili baada ya ibada. Kwa bidii zao zote walifunga ishirini kwa siku.

Kufika katikati ya Machi mawingu yalianza kupasuka. Jua lilitoka siku mbili, tatu, na Bibi Ruthu akaanza kuuliza habari za barabara ya Zuzu. Ambokile alijaribu kufanya kazi mchana peke yake. Alikiegemeza chuma kwa ubao na kreti ya soda, akatoka mbio kwenda kugonga nje, ubao ukateleza, ribiti ikapinda, akakimbia ndani tena. Kutoka kwa Bi Joha walisikia yote: nyundo, kimya, miguu inakimbia, koleo, kisha maneno ya Kinyakyusa ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa.

Mwisho wa mwezi huo umeme ulikatika ofisini, mkuu wao akawaruhusu kuondoka saa nane. Lea alipofika karibu na nyumbani alisikia nyundo inagonga kwa mpango. Mara moja kutoka ndani. Nyundo nje, ta-ta-ta. Mara mbili kutoka ndani. Kisha tena. Akajiuliza ni nani amemshikia.

Ambokile alikuwa nje, uso karibu na bati, jasho linamtiririka, hakumwona. Lea akazunguka kwenye mlango wa karavani na kuchungulia. Mama yake alikuwa amekaa juu ya kigoda, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, chuma amekikandamiza ukutani kwa mikono miwili, macho ameyafumba yasiingie vumbi. Hakuwa anakohoa, au labda alikuwa amesahau. Alipofumbua macho na kumwona binti yake, akaweka kidole midomoni.

Lea alirudi kinyumenyume, akapita kwenye minyaa, akaenda kukaa kwa Bi Joha na mkoba wake mapajani.

"Leo siku ya nne," Bi Joha alimwambia huku akicheka kimya kimya. "Alisema amechoka kumsikia mtu wa watu anakimbia kama amefukuzwa na nyuki. Akachukua kigoda chake, akaenda. Hajamwambia mtu neno."

Jioni, wakati wa kula, Ambokile alisema zimeingia ribiti sitini.

"Peke yako?" Lea aliuliza.

"Nilipata namna," alisema, na kumega tonge kubwa kuliko kawaida yake.

Alipokwenda kumuaga mama yake, Lea alimwona ana chengachenga za kijivu kwenye nyusi. "Mama, una vumbi la bati."

"Upepo," alisema mama.

Lea hakuuliza zaidi. Aliona furaha ya kutaka kulia, na chini ya furaha hiyo, aseme kweli, kulikuwa na wivu kidogo. Miaka tisa maneno yote yalipita kwake. Sasa wale wawili walikuwa na mazungumzo yao ambayo hakuna aliyemhitaji kuyabeba.

Ribiti zilikwisha kabla ya Pasaka. Ambokile aliziba maungio kwa lami, akatia plastiki ngumu mahali pa vioo, kisha akawaita wanaume sita waje waigeuze karavani. Walipouliza kwa nini, wakati ilikuwa imekaa sawa, alisema mlango unatakiwa utazame kwa Bi Joha na usitazame nyumbani kwake, ili anayekaa humo asilazimike kumwona mtu asiyetaka kumwona kila akitoka kunawa uso. Iligeuzwa kwa jeki na magogo kutwa nzima. Bi Joha naye hakukubali kupitwa. Alikusanya majirani, wakaleta majivu na mchanga laini, wakaisugua karavani nzima jinsi wanavyosugua sufuria za harusi. Walipomaliza, bati lilimeta mpaka kuku wakalikimbia.

Mvua zilikuwa zimekatika kabisa na barabara ya Zuzu imekauka. Bibi Ruthu alikuwa bado yupo. "Nangoja kutazama," alisema alipoulizwa, na Lea akaukataza mtaa mzima usimuulize tena.

Kikabaki kitanda. Upande wa mwisho wa karavani ulijikunja, kitanda cha kununua kisingeenea. Ilibidi kijengwe humohumo. Hapo fundi akakwama.

"Mama ana urefu gani?" alimuuliza mkewe. Miaka tisa ya kutazama miti, hakuwa na habari.

"Ni mrefu. Ananizidi. Karibu akufikie wewe."

"Karibu, au ananifikia?"

"Baba Aneth, nimekwambia ni mrefu."

Siku ya kuhamia ilikuwa Jumamosi baada ya Pasaka. Lea alimwamuru mumewe awe ameondoka uani ifikapo saa tatu, aende popote, wanawake wapite. Ambokile aliamka alfajiri kumalizia ubao wa mwisho, na Lea aliposikia nyundo imenyamaza aliamini amekwenda sokoni.

Walikuja kwa mstari kupitia pengo la minyaa: Bibi Ruthu mbele na kigoda chake, Bi Joha na chungu, Lea na godoro jipya kichwani. Bibi Ruthu akafungua mlango.

Ambokile alikuwa amelala kitandani. Alikuwa amejilaza kidogo tu, kupima kama miguu ya mtu mrefu itagusa ule mkunjo, na wiki kumi za uchovu zikamchukua hapohapo, nyundo kifuani, mdomo wazi.

Kwa desturi yao, mkwe hakanyagi anapolala mama mkwe. Kukaa juu ya kitanda chake ni aibu isiyosemeka. Kulala juu yake Lea hakuwahi kusikia, kwa sababu hakuna aliyewahi kufanya.

Bibi Ruthu hakupiga kelele. Alisimama pale mlangoni kitambo ambacho Lea, aliyekuwa nyuma yake, alikiona kirefu mno. Kisha akajifunika khanga uso mzima, akageuka, na kigoda kikamponyoka. Mshindo ukamwamsha Ambokile; akainuka ghafla, akagonga kichwa kwenye bati, na alichokiona ni pindo la khanga likipotea kwenye minyaa.

Alikaa nje ya karavani, mikono kichwani. "Nimeharibu," alisema. "Nitakitoa. Nitakichoma moto nitengeneze kingine."

Lea alipeleka maneno hayo. Bibi Ruthu alikuwa anafunga kifurushi chake. "Mwambie si mbao," alisema. "Kesho kuna lori la Zuzu."

Ambokile akaondoka bila kula. Alasiri alirudi na beberu mweupe kwa kamba, kwa kuwa mkwe aliyekosa huomba radhi kwa mbuzi, na Lea alimpeleka beberu yule mpaka mlangoni kwa Bi Joha. Mama yake alimtazama mnyama tangu pembe mpaka kwato. "Mrudishe," alisema.

Kukataa mbuzi ni kukataa radhi. Lea alimrudisha, akamfunga kwenye gurudumu la karavani, akaingia ndani, akakaa kwenye kitanda kile kitupu na kulia kwa sauti bila kujali nani anasikia. Alimlilia mama yake kana kwamba ameshakufa. Alimlilia pia mumewe, ambaye angebeba jambo hilo maisha yake yote kwa sababu alitaka tu miguu ya mtu isibanwe.

Asubuhi ya Jumapili alichukua chai, akaenda kwa Bi Joha akiwa amejipanga kupiga magoti. Alimkuta mama yake amekaa juu ya kifurushi, mgongo umenyooka. Lori lilikuwa limeshapita. Lea alikuwa amelisikia mwenyewe.

"Kaa," mama alisema. "Nilizaa wavulana watatu. Wa mwisho nani?"

"Eliakimu, mama." Eliakimu alikufa kwa homa akiwa kijana wa miaka ishirini, Lea akiwa darasa la sita. Mama yake hakuwa na kawaida ya kumtaja.

"Alikuwa akitoka machungani, hafiki kwenye ngozi yake ya kulalia. Anakuta kitanda changu, anajitupa palepale na vumbi lake lote. Nimempiga kwa hilo mpaka mkono ukachoka. Anaamka, anacheka, kesho yake analala tena. Kinywa wazi." Bibi Ruthu alipokea chai lakini hakuinywa. "Tangu tumzike, hakuna aliyelala kitandani kwangu. Jana nilipofungua ule mlango, nilisahau mwaka."

Lea alimsogelea mama yake.

"Mbuzi nilimrudisha kwa sababu ni faini ya mkwe. Nikimpokea nimekubali kwamba mkwe alilala kitandani kwangu, na hapo mimi na nyumba ile basi. Nimewaza usiku kucha. Kitandani kwa mama analala mtoto wake. Na mtoto sijasikia akatozwa mbuzi kwa hilo."

"Mama," Lea alisema, machozi na kicheko vinagombania njia, "sasa mimi na baba Aneth tutakuwa nani?"

"Hayo aliyamaliza mchungaji aliyewafungisha ndoa, msinitie humo. Nenda kamwite."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe."

Ambokile alikuja kama mtu anayepelekwa mahakamani, shati amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Alipofika kwenye pengo la minyaa alisimama, akageuza mgongo, akaitazama minyaa. Bi Joha alitoka mlangoni kwake na kubaki amesimama na upawa mkononi.

"Ambokile," Bibi Ruthu aliita. Jina hilo hakuwahi kulitamka. "Geuka."

Akageuka polepole, macho chini. Bibi Ruthu alishusha khanga kutoka usoni mpaka mabegani, akaenda mpaka alipo, wakasimama uso kwa uso. Kweli walikuwa wanalingana urefu. Akamnyooshea mkono.

"Shikamoo, mama," alisema Ambokile, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Marahaba." Hakuuachia mkono wake. Alimtazama paji la uso, mashavu, shingo iliyokuwa inacheza ndani ya kola, akachukua muda wake. "Umekonda sana, mwanangu."

Ambokile akaanza kulia, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, na Bibi Ruthu akamfuta kwa pindo la khanga huku akimwambia anyamaze, watu wanaenda kanisani.

Lea alibaki ameduwaa na birika mkononi. Miaka yote hiyo aliamini kwamba mama yake hakuwahi kumtupia mumewe jicho hata mara moja. Lakini mtu hawezi kujua kwamba umekonda kama hakukuona ulipokuwa umenenepa. Ambokile alianza kukonda mwezi ule ule alipopunguzwa kazini, kidogo kidogo, na Lea alikuwa akidhani yeye peke yake ndiye aliyeona.